Sura ya Saba: Masale Yasiyo na Mpaka

Nduweni ina ugonjwa wake mmoja: haiwezi kumwacha mgeni apite bila kumwambia kwamba mji ulizaliwa na maji. Atakuambia muuza ndizi, atakuambia fundi viatu, na mlevi aliyelala mlangoni pa kilabu cha mbege ataamka makusudi akuambie, halafu alale tena. Inspekta Dainess Mtui alikuwa ameshaambiwa na wote hao kabla hajafunga mlango wa gari, akaitikia kwa adabu, maana mpelelezi anayewakatisha watu hadithi zao hupewa majibu mafupi siku nzima. Lakini hakupanda kutoka Moshi mjini kwa ajili ya maji. Alipanda kwa ajili ya Gabriel Macha, kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni hapa Nduweni mpaka alipotoweka wakati wa masika, miaka sita iliyopita.

Alianzia kwa mama yake.

Dominika alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya kihamba chake, shamba la ukoo, migomba na mibuni nyuma yake, uso barabarani. Ilikuwa Desemba, na Desemba mlimani si mwezi tu, ni mwito. Wachagga waliotawanyika Dar, Mwanza, Mbeya na kwingine kusikotajika hurudi nyumbani na watoto wao na masanduku yao, na mbuzi huanza kutazamana kwa wasiwasi. Tangu mwanawe apotee, Desemba ikiingia Dominika hukitoa kiti kile, hukielekeza kwenye barabara inayopanda kutoka Kiboriloni, na kila gari likisimama yeye hunyanyuka kidogo. Majirani walikwisha kuzoea. Watoto walikatazwa kumcheka, na wengi walitii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na habari au umekuja na maswali?"

"Nimekuja na vyote viwili," Dainess alisema, akavuta kigoda akakaa.

Habari ilikuwa hii. Kwa miaka yote hiyo Nduweni nzima iliamini kwamba Gabriel alimfuata Mzungu. Alikuwapo Mholanzi mmoja, mwanamke, aliyekaa mwezi mzima akipanda na kushuka na Gabriel kando ya mfongo, mfereji wa kale wa maji, wakicheka; alipoondoka, Gabriel naye hakuonekana tena. Watu wakajumlisha moja na moja wakapata harusi. Polisi nao, Mungu awasamehe, wakajumlisha vivyo hivyo na kulifunga jalada. Dainess alipolifungua upya aliwauliza watu wa Uhamiaji, akaambiwa Gabriel hakuwahi kuwa na pasipoti. Wajuaji wakamjibu kwamba alipita njia za panya. Basi akamsaka Mholanzi mwenyewe, na juzi akampata, wakaonana kwenye kioo cha simu. Yule mwanamke alisema Gabriel aliahidi kumsindikiza uwanja wa ndege na hakutokea. Alimngoja mpaka abiria wa mwisho walipoitwa, akaondoka na hasira, na hasira hiyo ameishi nayo hadi juzi.

Dominika alisikiliza bila kukatiza. Alikuwa na rozari mkononi, akaisogeza punje moja.

"Kumbe na yeye alimngoja," alisema.

Dainess akamwomba aone tena chumba. Hakikuwa na kipya, ila sasa alikiangalia kwa macho mengine. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vya ngozi vya Gabriel, vile vya kwendea kanisani na harusini, vimepakwa rangi na kuwekwa sawasawa. Vilivyokosekana ni mabuti ya mpira. Mtu anayekwenda mbali huacha viatu vyake vizuri na kuondoka na mabuti ya tope? Hapo zamani jibu lilikuwa rahisi: Mzungu atamnunulia vingine. Sasa Mzungu hakuwapo tena katika hesabu, na mabuti yalibaki yanataka jibu. Mabuti ya mpira huvaliwa kwenda shambani, na huvaliwa kwenda mfongoni.

Alipotoka, Dominika alimshika mkono. Alimweleza kwamba kila mwaka huenda kuomba Misa, na kila mwaka padre humuuliza aiandike ya nani, ya marehemu au ya wazima. Yeye hujibu iandikwe ya wasafiri.

"Mimi sitafuti kesi, mwanangu. Kama yuko hai nataka nimwone. Kama hayuko hai nataka alale pale." Alionyesha kwa kidevu, katikati ya migomba, alipozikwa mumewe. "Mtu haachwi nje ya kihamba chake. Nimezeeka. Nikifa kabla hajarudi, nani atamjua akija?"

Dainess alisema ataonana na Ronald.

Ronald Kimaro ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona Gabriel, au angalau ndiye aliyesema hivyo. Katika maelezo yake ya awali alidai kwamba alimsindikiza rafiki yake hadi Kiboriloni akiwa na begi, akamwona anapanda gari la Arusha. Na simu ya Gabriel kweli ilionekana mara ya mwisho Arusha, kisha ikazimika. Maneno na simu viliungana vizuri, tena vizuri mno, na Dainess alikuwa na mazoea mabaya ya kutoamini vitu vinavyoungana vizuri mno.

Alimkuta kando ya bwawa, mbele ya kibanda chake cha mbao chenye picha za maporomoko. Ronald alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, koti safi, miwani ya jua juu ya kichwa, salamu tayari mdomoni.

"Karibu sana dada. Leo tena?"

"Leo nataka unitembeze. Njia ile ile mliyokuwa mkipita na Gabriel."

"Kama polisi au kama mgeni?"

"Kama mgeni. Usiruke kitu."

Ronald akacheka kidogo, akaishusha miwani machoni, akaanza. Na alipoanza, hata Dainess aliyezaliwa Soweto pale Moshi, na ambaye bibi yake alimlisha hadithi za mifongo pamoja na mtori, alijikuta anasikiliza.

Mji huu, alisema Ronald, ulizaliwa na maji. Hapo zamani palikuwa na ukoo uliokaa kwenye mgongo mkavu wa mlima, unasikia mto ukiimba ndani ya korongo na hauwezi kuufikia. Wazee wakapanda msituni, wakaukamata mto huko juu, wakauchimbia njia pembeni mwa mlima, kwa kupima mteremko kwa macho na kwa maji yenyewe. Palipokatizwa na korongo walitundika magogo yaliyochimbwa katikati, maji yakavuka hewani. Mwisho wa mfongo wakachimba bwawa, ndiyo nduwa, linalojaa jioni na kufunguliwa asubuhi kila mtu kwa zamu yake. Penye bwawa wanawake walikutana, walipokutana wanawake pakawa na soko, na penye soko hawakukosa kuja Mjerumani na padre. Kahawa ikapandwa, ghala la ushirika likajengwa. Bei ya kahawa ilipoanguka watu wakang'oa mibuni, vijana wakashuka mjini, magogo yakaoza, na mji ukabaki kama mwanamke aliyevaa akangoja mume asiyekuja.

Ndipo wakaja wageni. Ghala la ushirika sasa ni mgahawa, na kahawa iliyotoka kwenye kihamba cha jirani huuzwa humo kwa bei ambayo jirani mwenyewe hathubutu kuilipa. Kuna pango la wahunzi, kuna mashimo waliyojificha watu wakati wa vita, kuna maporomoko, kuna kina mama wanaotwanga kahawa kwa nyimbo. Bwawani kuna mtumbwi wa rangi ya bluu ulioletwa kutoka Ziwa Jipe kwa ajili ya picha. Bwawa lenyewe ni dogo kiasi kwamba ukipiga kasia mara moja umeshafika ng'ambo na umegonga, lakini wageni hawalalamiki.

Kwenye kinu cha kahawa, Ronald alipokwenda kusalimia, mmoja wa wale kina mama, Digna, alimsogelea Dainess. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba maneno yote hayo ni ya Gabriel. Ronald zamani alikuwa akibeba chakula cha wageni tu, hajui hata bwawa lilichimbwa lini. Sasa anasimulia neno kwa neno kama mwenzake, pale pa kucheka anacheka, pale pa kunyamaza ananyamaza. Wakati mwingine, Digna alisema, akiwa ameinama kwenye kinu huwa anasikia kama kijana amerudi, na akiinua uso anaumia moyo.

Walipoanza kupanda, Dainess alimuuliza Ronald habari ya maneno hayo.

"Mtu akiondoka, si maneno yake yabaki?" Ronald alijibu bila kugeuka. "Yalikuwa mazuri. Ningeyaacha yapotee?"

Njia ilipanda kando ya mfongo, maji yakishuka upande wa kushoto, membamba na ya haraka. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mawingu hayajafika. Ronald hakuwa na jani asilolieleza. Huu ni mti mchungu, dawa ya tumbo, ule ni mti wa mizinga, haya magome huchemshwa. Walipofika penye uzio wa mimea mirefu yenye majani kama panga, akasimama kabisa.

"Haya ni masale. Kwetu sisi Wachagga, sale ni zaidi ya hati. Likipandwa kati ya shamba na shamba, ni mpaka, na hakuna anayeligusa. Likipandwa juu ya mtu, ni kaburi. Na ukimkosea mwenzako kosa kubwa, unalikunja jani lake fundo, unampelekea. Akiliona hana ruhusa ya kukunyima msamaha." Akatabasamu kama anavyotabasamu kwa Wazungu. "Sale halioti lenyewe, dada. Ukiliona, ujue kuna mkono wa mtu."

Wakaendelea. Mbele kidogo mfongo ulizunguka bega la mlima, na hapo njia ikauacha mfongo ghafla, ikapanda kwa kuzunguka nyuma ya mti mkubwa wa mringaringa na kushuka tena upande wa pili. Dainess aliuliza kwa nini. Ronald alisema ukingo wa pale ni mbovu, unaporomoka. Basi Dainess, ambaye viatu vyake havikuwa vya kifahari, akaiacha njia akapita kwenye ukingo wenyewe. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Maji yalipita pale kwa utulivu, na kati ya mfongo na shina la mringaringa palikuwa na masale. Yalisimama kwa kuzunguka kidogo, yamefikia kifua, na chini yake hapakuwa na gugu hata moja. Mtu alikuwa akipalilia.

Aliinua macho. Kibo ilikuwa mbele yake, nyeupe, nzima, bila tawi wala wingu la kuikata. Tangu waanze kupanda hapakuwa na mahali pazuri kuliko hapo pa kumpigisha mgeni picha, na mwongozaji wa wageni alikuwa amesimama nyuma ya mti, anamngoja apite.

"Na haya je?" Dainess aliuliza. "Haya hujayaeleza."

"Hayo ni ya mpaka tu."

"Kati ya nani na nani?"

Ronald alisema hajui vizuri, ni mambo ya wazee. Akasema mawingu yanakuja, heri wawahi banio. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitembea mbele bila kusema kitu, na kimya hicho kikawaongoza hadi juu.

Huko juu, kwenye banio, mahali mto unapokamatwa na kuingizwa mfongoni, palikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wanaume wa Nduweni walikuwa majini hadi magotini, wanatoa mawe na matope kwa majembe, na mzee Eliakim Njau, msimamizi wa mfongo, alikuwa ukingoni akiwagombeza wote kwa zamu. Alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la kijani, na alikuwa na ugomvi na dunia nzima: na mvua, na vijana, na mtumbwi wa bluu. Dainess alimwamkia, akamsikiliza mpaka ugomvi ukaisha, kisha akamvuta pembeni, mbali na masikio ya Ronald. Alimuuliza pale kwenye mringaringa pana mpaka wa nani.

"Mfongo hauna mpaka, mwanangu," mzee alisema. "Pande zote mbili pale ni ardhi ya mfongo. Mpaka wa nini?"

"Lakini kuna masale."

Eliakim alikuna shingo. Alisema ni kweli yapo, na hayakuwapo zamani. Alidhani ni mapambo ya wageni, maana siku hizi hawa vijana wanapanda kila kitu. Na hakuna aliyeuliza, kwa sababu sale likishakuwa mahali unapita kando, jembe lako hulifikishi. Hata siku za msaragambo wanaruka pale.

"Na ukingo ule? Ni mbovu?"

"Nani kasema? Uliporomoka mara moja tu, masika ile kubwa. Nilikuwa nimefunga njia, nimekataza mtu kupita. Asubuhi tukakuta umeshashindiliwa vizuri. Tukajua ni Gabriel na mwenzake wamefanya kazi ya watu, nikasema nitawashukuru. Kisha tukasikia Gabriel ameondoka." Mzee alimtazama Ronald aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo kwao, halafu akamtazama Dainess, na ugomvi wote ukamtoka usoni. "Mungu wangu," alisema polepole.

Dainess alimwomba amkopeshe jembe.

Sheria aliijua. Kaburi halichimbwi bila amri ya mahakama na daktari kuwapo, na hakukusudia kuchimba. Alikusudia kuuliza swali moja tu kwa namna ambayo mdomo hauwezi kulijibia. Waliposhuka hadi kwenye mringaringa, mzee Eliakim na wanaume wake wakifuata kwa mbali kama alivyowaomba, alimpa Ronald jembe.

"Mzee anasema mfongo hauna mpaka. Basi haya masale yamekosea njia. Yang'oe."

"Dada, ni mapambo tu. Ya wageni."

"Mapambo hung'olewa. Si hujawahi kumpitisha mgeni hapa?"

Ronald alilipokea jembe, akausogelea mmea wa kwanza, akaliinua. Liliishia kifuani. Kijana huyu alikuwa amewadanganya polisi, alikuwa amemdanganya padre, alikuwa amepita mbele ya kiti cha Dominika kila Desemba akimwamkia kwa heshima. Mdomo wake ulikwisha kuzoea. Mikono haikuwa imezoea, ikagoma. Alisimama hivyo, kisha akaliweka chini taratibu, mbali na mizizi.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Gabriel yuko hapa," Ronald alisema, akakaa chini kwenye tope na koti lake safi.

Mengine yalitoka bila kuulizwa. Mvua ilikuwa imepiga mfululizo, mzee Eliakim amefunga njia, lakini kesho yake walikuwa na kundi kubwa la wageni, la kwanza la aina hiyo, na Ronald ndiye aliyemsukuma mwenzake waende wakazibue mfongo kabla haujapasuka. Gabriel hakutaka, alikuwa na mtu wa kumsindikiza uwanja wa ndege. Ronald akamwambia watakuwa wamemaliza mapema. Ukingo uliporomoka Gabriel akiwa chini yake. Ronald alichimba kwa mikono, akamfikia, na alipomfikia alikuwa ameshakata roho. Aliogopa. Aliwaza watasema amemuua, wageni hawatakuja tena, mji utakufa mara ya pili, na kosa ni lake. Akamlaza pale pale na kushindilia ukingo. Arusha alikwenda yeye na simu ya marehemu mfukoni.

"Ya Mzungu sikuanzisha mimi," alisema. "Watu ndio waliniuliza, eti amemfuata? Nikasema ndiyo. Nikasema nimemsindikiza Kiboriloni. Kila mtu akafurahi, dada. Walimwonea hata wivu."

"Na masale? Bila masale haya nisingekupata."

Ronald alimtazama kana kwamba ameulizwa kitu cha kitoto.

"Ningemwachaje hivi hivi?"

Wanaume wa msaragambo walikuwa wamefika, wakasimama upande wa pili wa mfongo, kofia mikononi. Dainess alipiga simu Moshi, akaeleza kilichotakiwa kuelezwa, akamwomba mzee Eliakim alinde mahali pale mpaka askari wafike. Eliakim alisema hataondoka hata ikifika kesho. Alikuwa analia, naye hakujificha.

Hapo Ronald akaomba jambo moja. Aliomba akate jani la sale, alipeleke kwa mama Gabriel mwenyewe, kabla hajaingia kwenye gari la polisi. Utaratibu ulisema mtuhumiwa apelekwe kituoni moja kwa moja. Lakini utaratibu uliandikwa na mtu asiyeijua Nduweni: kabla ya jua kutua fundi viatu angekuwa ameshamfikishia Dominika habari, na mlevi wa kilabuni angeirudia. Dainess aliona mama yule amesubiri vya kutosha kiasi cha kutostahili kuisikia njiani. Akasema, "Kata."

Walishuka kwa njia ya mkato, wakaingia kihambani kwa nyuma, kupitia migomba. Dominika alikuwa amekaa vile vile, uso barabarani, hivyo aliwasikia kabla ya kuwaona. Aligeuka. Hakumwangalia Ronald usoni, aliliangalia lile jani lililokunjwa fundo, lililoshikwa kwa mikono miwili, na rozari ikamponyoka.

Ronald alipiga magoti.

"Ni Gabriel," Dominika alisema, na hakuwa anauliza.

"Ni Gabriel, mama. Nimekukosea."

"Yuko wapi?"

"Mfongoni. Pale kwenye mringaringa. Tangu siku ile."

Nyuma ya jiko maji ya mfongo yalisikika yakiingia kwenye ndoo. Ni maji hayo hayo aliyochota kila asubuhi kumpikia chai mgeni yeyote ambaye labda angeshuka na habari ya mwanawe. Dominika aliyasikiliza mpaka ndoo ikajaa.

"Ulimlaza anaangalia wapi?"

"Anaangalia Kibo, mama, kama wanavyolazwa wazee wetu."

Ndipo machozi yakamtoka, mengi, bila sauti, yakapita kwenye makunyanzi kama yanaijua njia. Alilia mpaka yakaisha. Ronald alibaki amenyoosha mikono yenye lile jani. Wote watatu walijua desturi. Sale likishaletwa halina jibu la pili.

Dominika alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Sale halikataliwi," alisema. "Sitakuwa mimi wa kwanza kulikataa. Lakini sijasikia kwamba ni lazima lipokelewe leo. Mimi nimengoja, na lenyewe lingoje. Mleteni mwanangu alale pale kwa baba yake. Kisha wewe urudi na hilo jani, popote utakapokuwa umewekwa, hata kama litakuwa limekauka. Mimi nitakuwapo."

Ronald aliinamisha kichwa. Dainess alimshika bega, akamwinua, wakaanza kwenda.

Alipogeuka langoni alimwona Dominika amesimama, ameshika mgongo wa kile kiti. Alikiinua kidogo, akakizungusha kuelekea juu, upande wa mfongo na mlima, akakaa tena na kuitengeneza kanga yake. Chini barabarani gari kutoka Kiboriloni lilisimama, milango ikafunguka, watu wakashuka na masanduku na vicheko, mtu akaita jina la mtu. Dominika hakunyanyuka.